Raundi ya Pili ya Kamishna wa Kilimo

"Usinizungushe, Mama Merveille! Nimekusikia kwa masikio yangu mawili. Alfajiri hii niko kwa mswala, na wewe huko kwako unamwambia Mungu yule mama aangushwe. Aangushwe! Tena unarudia, kama mtu anaagiza kuku na anaogopa hajasikika!"

"Na weye unasikiliza maombi ya batu ya nini?"

"Nisikilize? Ukuta mwembamba kama chapati, na wewe ukiomba ni kama umepewa mikrofoni!"

Fosia alikuwa upande wake wa ua, mfuko wa taka mkononi. Immaculée alikuwa upande wake, anaanika soksi ambazo kwa baridi ile ya Desemba zisingekauka hata wiki nzima. Kuomba alikuwa ameomba. Kwa sauti, kama wanavyoomba kanisani kwao, na kwa jina kamili la mgombea, ili Mungu asichanganye.

Mtaa mzima wa Shard End, Birmingham, ulikuwa unajua habari za mgombea huyo, na kama ulikuwa unajua, ni kwa sababu Fosia alikuwa na mdomo. Merveille, binti wa Immaculée, yuko Georgia, Marekani, na mwaka mzima alikuwa akimfanyia kampeni mama mmoja anayetaka kuwa Kamishna wa Kilimo wa jimbo. Mwanzoni majirani hawa wawili walibishana kama kweli ipo nchi inayopanga foleni kumpigia kura mkubwa wa mashamba. Kwao Kongo, alisema Immaculée, hata gavana anachaguliwa na wabunge wa mkoa, wakijifungia ndani ya ukumbi wao. Kwetu Kenya, alisema Fosia, gavana tunamchagua wenyewe, lakini mambo ya kilimo anampa anayemtaka. Ikabidi Merveille awaeleze kwa simu, polepole kama mwalimu wa chekechea: huku jimbo zima linamchagua gavana, na mwanasheria mkuu, na mkubwa wa shule, na wa kilimo pia. Na huyo wa kilimo ndiye anayekagua hata pampu za petroli. Jina lake linabandikwa kwenye kila pampu.

Hilo la pampu ndilo lililommaliza Fosia. Kuanzia siku hiyo, saluni, kliniki, harusi ya watu Aston, popote: "Kuna msichana wetu pale Georgia, mdosi wake jina litakuwa kwa kila petrol station." Msichana wetu! Na hajawahi kumwona ana kwa ana.

Asubuhi hii nyumba yake ilijaa. Wifi yake Muslimo alikuja na marafiki watatu, wakaunganisha simu na televisheni, na sasa ramani ya Georgia ilikuwa imetanda ukutani na kaunti zake mia moja hamsini na tisa. Kura za raundi ya pili zilikuwa zimehesabiwa usiku kucha, kaunti moja tu ndiyo iliyobaki, na yule mama alikuwa nyuma kidogo.

"Nieleze basi," Fosia alisema, na sauti ikashuka. "Mtoto wako mwenyewe. Mwaka mzima anatembea jua kali akibisha milango ya watu. Kwani amekukosea nini?"

Immaculée alibana soksi ya mwisho kwenye kamba.

"Akishinda, mutoto hakuje."

Fosia aliuweka chini mfuko wa taka.

"Alisema, mama, nitakuja kisha ile kura ya chama ya mwezi wa tano. Mwezi wa tano ikapita. Akasema, mwezi wa kumi na moja. Ikapita, hakuna mwenye alipata nusu, njo ikakuja raundi ya pili. Sasa huyu mama akipata kiti, atamuchukua Merveille kwa ofisi yake. Kazi inaanza mwezi wa kwanza. Akianguka, ndege ni wiki ijayo." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Miaka kumi na ine, Mama Samsam. Nilimwacha na miaka tisa."

Nilimwacha, ndivyo alivyosema siku zote, ingawa hakumwacha. Siku ya kukimbia vita huko Uvira mtoto alikuwa kwa bibi yake, na bibi akavuka naye ziwa hadi kambi ya Tanzania, wakati mama mtu amesukumwa na watu njia nyingine hadi Uganda. Faili la ukimbizi la bibi likaenda Georgia, lake likaja Birmingham. Viza ya kuwakutanisha haikutoka mara ya kwanza, haikutoka mara ya pili. Bibi akafa huko huko. Mtoto akaota matiti, akabadilisha sauti, akaanza kuvaa miwani, yote hayo ndani ya kioo kidogo cha simu. Immaculée aliujua uso wake kuliko kiganja chake mwenyewe, lakini ukimuuliza Merveille anamfika wapi wakisimama pamoja, begani au kifuani, hajui.

"Pasipoti ameipata mwaka huu," alisema. "Mi nikasema sasa. Sasa."

Kabla Fosia hajajibu, nyumba yake ililipuka kelele. Muslimo alitokea mlangoni bila viatu: "Amepita! Kaunti ya mwisho! Amemzidi mwenzake kwa kura elfu nne!"

Immaculée akapiga vigelegele. Vilimtoka vyenyewe, virefu, mikono juu, mpaka jirani wa tatu akafungua dirisha. Halafu akakumbuka. Mikono ikashuka kidogo kidogo, akabaki ameishikilia kamba ya nguo kama mtu aliye kwenye basi.

Simu ikalia mfukoni.

"Mama! Tumeshinda, mama! We won!" Merveille alikuwa analia na kucheka, sauti imemkauka, nyuma yake watu wanaruka. "Ananipeleka ofisini kwake, mama! Tunaapishwa mwezi wa kwanza. Nitakuja summer, mama, naapa, summer kabisa. Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie nini? Niko na furaha."

"Uliniombea?"

Immaculée alifungua mdomo. Akamtazama Fosia, na Fosia, ambaye hajawahi kukaa na siri hata saa moja tangu ahamie mtaa ule, akaingiza kichwa chake mbele ya simu.

"Aliomba, mamangu! Wallahi aliomba mpaka mimi nikashindwa kuswali. Mlango kwa mlango, jina kwa jina. Sasa nenda ulale, macho yako ni mekundu."

Simu ikakatika. Fosia alichukua mfuko wake wa taka akaenda zake, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kuongeza neno.

Immaculée aliingia jikoni, akafungua friza. Mikeke watano, samaki wa Ziwa Tanganyika, walikuwa pale tangu Agosti, wamefungwa gazeti na juu ya gazeti mfuko. Alikuwa amepanda mabasi mawili kwenda kuwatafuta, kwa sababu Merveille aliwahi kusema amesahau ladha yake. Alisimama na mlango wazi mpaka friza ikaanza kupiga alamu. Akatoa wanne. Wa tano akamsukuma nyuma kabisa, chini ya mbaazi.

Mchana, moshi wa mafuta ya mawese ulipojaa nyumba na ugali ukageuzwa kwenye sinia, alitoka mpaka kwenye ua akagonga ubao.

"Mama Samsam! Hao bageni bako bangali?"

"Wako, wanamaliza chai yangu."

"Ni samaki. Samaki hatuulizane nani amechinja." Akapandisha sauti ili hata Muslimo asikie. "Balete bote. Ingieni mukule, ingali moto."