Digrii Mbili za Shingo Yangu

Niliota usiku wa jana kwamba nimepewa kazi ya kufunga injini kwenye ndege za mfano, zile ndogo za mbao zinazoruka kweli. Katika kuzunguka kwangu nimechoma mkaa, nimelinda ghala la tumbaku, nimechimba visima, lakini hiyo bado. Kwenye ndoto hakuna aliyeniuliza cheti.

Ndege ilikuwa mezani, urefu wake mkono mmoja. Ndani amekaa dada yangu Nyamizi, amejifunika kanga mbili, anatetemeka kwa homa. Ametosha vizuri tu.

"Mdogo wangu, fanya haraka," ananiambia. "Hospitali iko mbele moja kwa moja. Kushoto ni makaburini, na kule wananijua."

Nikaitazama injini. Ilikuwa kama ngumi kwa ukubwa, imefungwa upande: pua imeelekea kulia kidogo, tena imeinama chini kidogo. Nikasema moyoni, fundi aliyenitangulia alikuwa mlevi. Nikashika spana, nikalegeza bolti nne, nikatoa vipande vya bati vilivyoisukuma upande, nikainyoosha mpaka ikawa kama msumari.

"Umefanya nini, mzee?" injini ikauliza.

"Nimekunyoosha."

"Nani alikwambia nimepinda? Rafadha yangu, hii panga ya puani, ikizunguka, ndege nzima inavutwa kushoto. Nikiangalia kulia ndipo tunakwenda mbele. Nikiinama ndipo hatupandi hovyo. Wewe umesoma wapi?"

"Darasa la pili Urambo, la nne Mpanda. La tatu nilikuwa njiani."

"Inaonekana," ikasema, ikawaka.

Meza ikawa uwanja. Ndege inaondoka, inanyanyuka, papo hapo inaanza kupinda kushoto. Huko makaburini watu wanasimama, wanasogeza mawe, wanatengeneza nafasi. Mmoja ananipungia mkono kwa adabu. Ni baba.

Nakimbilia stoo. Stoo ni darasa la tatu, lile nililoliruka. Nyuma ya dirisha dogo kimekaa kipimapembe cha plastiki, kimevaa miwani.

"Nipe digrii mbili za kulia," namwambia bwana huyo, "na moja na nusu ya chini."

"Zimekwisha."

"Dada yangu yuko hewani."

"Nimemwona. Zimekwisha. Labda utoe za kwako."

"Ninazo wapi mimi?"

"Shingoni. Watu wengi hawajui wanazo."

Kikanishika kichwa kwa mikono miwili, kikakigeuza kulia. Shingo ikalia kama mlango wa bati.

"Mbili hizo," kikasema. "Na ile ya chini nichukue? Ukiitoa, utaangalia miguu ya watu mpaka unakufa."

Mimi ni mtu wa njia. Macho yangu nimeyazoesha mbali, mahali ambapo sijafika. Nikasema, "Ngoja kwanza."

Kengele ikagongwa. Kikafunga dirisha.

Nje, ndege imeacha kwenda kushoto. Inakwenda mbele sawasawa, ila pua inapanda. Inapanda tu. Inapita juu ya paa la hospitali. Madaktari wametoka, wamesimama uwanjani mikono mifukoni, wanaangalia juu kama watu wanaotazama mawingu. Nyamizi halii. Ananiambia kutoka huko, kwa sauti yake ya kila siku:

"Kapaya, nishushe."

Nikaamka. Kumeshakucha, niko kwenye chumba changu cha kupanga hapa Makambako, na simu inaita. Ni Masanja, mtoto wa Nyamizi, yuko Tabora.

"Shikamoo, mjomba. Mama alizidiwa jana jioni, tumemfikisha hospitali. Yuko hai. Ila anaangalia dari tu, anasema yuko juu sana."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanamwangalia. Mjomba, anakutaja wewe."

Nikataka kugeuka nishuke kitandani. Shingo ikakataa. Imeelekea kulia, kidogo tu. Mtu asiyenijua hawezi kuona.

"Mjomba, uko?"

"Niko. Usikate simu. Kaa karibu naye, mtazame macho, uniambie yakishuka."

Nikaiweka simu kifuani. Nikainamisha kidevu polepole, mpaka mfupa ukalia, nikakiacha huko huko.