Uzi Mwekundu wa Masalio

Nchi ya Bakaa imelala kati ya milima miwili iliyogeuziana visogo kama wake wenza walionuniana, na bondeni humo ndimo ulimo Masalio, mji mkuu, ambao mgeni akiuingia kwa mara ya kwanza hudhani ameukuta kwenye sikukuu. Milango yake mingi imevishwa nyuzi nyekundu. Nyuzi hizo hupita kwenye vitasa, huzunguka miimo, kisha hukutana katikati ya mlango kwenye donge la nta lililopigwa mhuri wa ngumi iliyofumbwa. Mgeni husifu mapambo. Mwenyeji huinamisha macho, kwa kuwa kila penye uzi ni nyumba ya marehemu ambaye warithi wake bado wanasaidiwa.

Bakaa haikuwa na mfalme wala jeshi. Ilikuwa na Baraza la Mirathi, na hilo lilitosha. Zamani, husimulia waliowahi kuiona zamani hiyo, Baraza lilikuwa benchi moja na mtu mmoja mwenye subira. Ndugu walimwendea na vinyongo vyao, akawakalisha pamoja, akawasikiliza pamoja, na jua halijazama wakarudi kwao wamegawana mpaka vifuniko vya vyungu. Kisha akaja Mwinyi Fumbati, Mgawanyi Mkuu, mtu mwenye kope nzito na mikono laini, aliyegundua jambo ambalo waliomtangulia hawakuligundua: kwamba mali huwa tamu kuliko zote pale inapokuwa imemtoka mwenyewe na haijamfikia mrithi. Akalijengea Baraza jumba lenye vyumba vingi. Akajijengea na yeye nyumba nyuma ya ukuta mrefu, na ndani yake vikaingia vitanda vya samadari, majamvi, vinu, saa za ukutani na ng'ombe wa maziwa, vyote vikiitwa vilivyohifadhiwa.

Siwatu binti Makungu aliyajua hayo kama kila mtu alivyoyajua, yaani kwa mbali, hadi asubuhi ile baba yake alipokata roho.

Mzee Makungu alikuwa mfuga nyuki wa mtaa wa Mteremkoni. Aliacha nyumba, shamba la mihogo, mizinga yake ya mteremkoni na watu watatu: mjane wake Bi Mize, ambaye aliolewa watoto wakiwa tayari wakubwa, mwanawe wa kiume Mbaruku, mwezeka mapaa, na Siwatu, aliyekuwa akimshikia baba yake moshi wakati wa kurina asali. Hawakugombana. Walipotoka kuzika walikaa mkekani, Mbaruku akasema nyumba abaki nayo mama mpaka mwisho wa umri wake, shamba alilime yeye, na mizinga aichukue Siwatu kwa sababu nyuki wenyewe walishamzoea. Wote waliitikia. Bi Mize akainua sauti kwa mara ya kwanza kumlilia mumewe, na kilio hicho ndicho kilichowaleta Watulizi.

Hao ndio watumishi wa Baraza. Walifika wamebeba vigurudumu vya uzi na nta iliyokwisha kuyeyushwa, kama watu waliokuwa wakisubiri kona ya karibu. Mkubwa wao alitoa pole kwa sauti ya mshonaji anayepima kitambaa, kisha akaomba watoke nje.

Mbaruku alimweleza kwamba wamekwisha kupatana.

“Mapatano ya msibani huandikwa kwa machozi,” Mtulizi alijibu. “Yakikauka, hayasomeki. Baraza litawasaidia.”

Uzi ukafungwa mkeka ukiwa bado umetandikwa ndani.

Basi wakaanza kusaidiwa. Jumba la Baraza lilikuwa na milango iliyotazama mitaa tofauti, na kila mrithi aliitwa kwa siku yake na kuingia kwa mlango wake, ili, walivyoambiwa, asitishwe na mwenzake. Siwatu alipewa msaidizi anayeitwa Bwana Latifu, mtu mwenye tabasamu la kudumu na kawaida ya kusogeza kiti karibu kabla ya kusema jambo. Alimwuliza habari za utoto wake. Alimsifu kwa kumwuguza baba. Kisha akashusha pumzi kama mtu anayebebeshwa mzigo usio wake.

“Sipendi kuchonganisha ndugu, dada yangu. Lakini kaka yako anasema mizinga ulianza kuihamisha baba akiwa bado anapumua.”

Siwatu alitoka mle kama aliyemeza mwiba. Njiani alijiambia kwamba Mbaruku hawezi kusema hivyo. Alipofika alikopata hifadhi alikuwa anakumbuka jinsi Mbaruku alivyoitazama mizinga siku ya mazishi, na kufikia usiku kumbukumbu hiyo ilikuwa imeota meno. Siku nyingine aliambiwa kwamba Bi Mize anadai alinyimwa chakula na watoto wa mume. Siku nyingine tena aliambiwa hao wawili wameonekana wakinong'ona. Shuku ni mgeni anayebisha hodi mara moja tu. Ukimfungulia, safari ya pili huingia na ufunguo wake. Mvua za vuli zikapita, mihogo ikaoza ardhini, na Siwatu akajikuta anazungukia barabara ya nyuma ya machinjioni ili asikutane na kaka yake wa tumbo moja.

Aliyemzindua hakuwa mtu. Kiangazi kilipoanza aliitwa tena, na Bwana Latifu, akimwona amekonda, akamtilia chai na kuikorogea asali ili atulie. Siwatu alipiga funda moja, akakishusha kikombe. Asali ile ilikuwa nyembamba, yenye uchachu wa mbali unaobaki kwenye kingo za ulimi: asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambao katika Masalio yote ni baba yake peke yake aliyeweza kuwabembeleza wakae mzingani.

Aliuliza imetoka wapi. Latifu akasema ni ya Baraza, imehifadhiwa isiharibike.

Siwatu aliinywa chai yote, taratibu, mpaka mashapo. Hakutaka kumwachia hata tone. Alipokuwa anainywa alijiuliza kaka yake naye, kwenye chumba chake, anatiliwa nini, na anaambiwa nini anapotiliwa.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Mbaruku. Alimkuta amekaa kizingitini anasuka kuti, naye hakumkaribisha ndani.

“Kaka, ulisema niliihamisha mizinga baba akiwa hai?”

Mbaruku aliweka kuti chini. “Na wewe ulisema nilimnyima baba dawa ili afe upesi?”

Hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake nani kamwambia, maana jina la Latifu lilikuwa limekaa kati yao kama mtu wa tatu. Msaidizi alikuwa mmoja, akizunguka kutoka chumba hiki hadi kile. Siwatu alitegemea kwamba wakijua hivyo watakumbatiana, lakini hawakukumbatiana.

“Nitakuamini vipi?” Mbaruku aliuliza.

“Sijui,” Siwatu akasema. “Na mimi nitakuamini vipi?”

Hata hivyo waliondoka pamoja, bega hili mbali na lile, wakaenda kumtafuta Bi Mize, aliyekuwa amehifadhiwa katika jiko la jirani. Bi Mize naye alikuwa ameambiwa kwamba watoto wamekula njama ya kumtupa nje. Aliwasikiliza wakieleza, wala hakuonyesha kushangaa. Alisema nyumba haimlizi tena. Kinachomliza ni kwamba tanga lake lilikatwa katikati. Kwa desturi ya Bakaa mjane humlilia mumewe mlangoni kwa marehemu, na mlangoni kwake Watulizi hawamruhusu kukaa asije akaharibu mhuri.

“Sina pa kulilia,” alisema, akaomba apewe mkeka wowote ule.

Mbaruku akampa wake. Kesho yake asubuhi Bi Mize aliubeba, akaupita mlango wa marehemu mumewe, akaipita mitaa ya katikati, akaenda kuutandika chini ya ukuta mrefu wa Mwinyi Fumbati, mbele ya lango lake hasa. Akaketi, akajitanda kanga, akalia. “Mwenye nyumba kaondoka,” alilia, “nyumba kaiacha na nani?” Hakutaja jina. Wajane waliokuwa wakipita walisimama, na kwa kuwa nao walikuwa na vilio vilivyokatwa katikati, wakaketi. Kabla jua halijapanda, ukuta wote ulikuwa umezungukwa na kilio.

Mgawanyi Mkuu hakuwa ameonekana barazani kwa majuma kadhaa. Wapo waliosema anaumwa. Wapo waliosema anapanga upya samani zilizohifadhiwa. Watulizi walipofika mbio na nyuzi zao, wakatambua ni lango la nani, waliduwaa. Lakini sheria ilikuwa sheria, tena aliyeitia makali ni Fumbati mwenyewe. Zamani walitakiwa wamwone maiti kwanza. Yeye ndiye aliyeamua kwamba kungoja maiti kunawapa warithi nafasi ya kupatana, na kwamba penye kilio uzi ufungwe papo hapo, na Mtulizi atakayesita nyumba ya baba yake mwenyewe ifungwe. Mkubwa wao aliutazama uzi, akawatazama wenzake wanaomtazama. Akaanza kufunga.

Ndipo watoto watatu wa Fumbati walipotokea, kila mmoja kutoka kwenye nyumba yake. Ingetosha mmoja wao aseme baba yu hai. Mkubwa alifungua kinywa, akamtupia jicho wa pili, kinywa kikabaki wazi. Wa pili alikuwa ameshaanza kulia. Wa tatu, kwa kuona atakayechelewa kulia atachelewa kurithi, alijitupa mavumbini akalia kuwashinda wote. Bwana Latifu, aliyefika akihema, aliwainua kwa upole mmoja mmoja, akawapa pole, akaagiza vyumba vitatu viandaliwe.

Nta ilikuwa haijapoa wakati kishindo cha kwanza kiliposikika. Kilikuwa kidogo, kama kiganja kinachopiga mbao. Kikafuata kingine. Kilio cha wajane kilikatika, na umati mzima ukasikia.

“Kuna mtu ndani,” Mbaruku alisema.

Latifu alitega sikio. Tabasamu halikumtoka.

“Kilichomo ndani ni mali ya mirathi,” alisema. “Hakiguswi mpaka warithi wapatane.”

Hakuna aliyesogea. Siwatu alihisi furaha ikimpanda kooni na akaiogopa, maana haikuwa na ladha tofauti sana na ile aliyodhani wanaionja watu wa Baraza. Alimwinamia mama yake wa kambo, aliyekuwa anakunja mkeka.

“Mama, ulijua watafunga?”

“Nimemlilia mume wangu,” Bi Mize alijibu.

“Hapa?”

“Waliniachia wapi kwingine?” Akauchukua mkeka kwapani, akatangulia njia.

Siku hiyo Watulizi wote walikuwa kwenye ukuta mrefu, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na milango mingi ya kufunga. Mitaani watu walianza kuzikata nyuzi zao, mwanzo kwa visu vilivyofichwa kwenye mikunjo ya nguo, baadaye waziwazi. Mbaruku aliukata wa Mteremkoni kwa shoka lake la kuezekea. Mlango ukalegea. Ndani mlinuka vumbi na asali.

Hapo ikawa ajabu ndogo ambayo Siwatu hakuweza kuisimulia kwa mtu. Kaka yake hakuingia. Alisimama pembeni, akampisha kwa mkono. Naye Siwatu hakuingia, akampisha. Kila mmoja alikuwa anatazama mikono ya mwenziwe. Walikaa hivyo kwa muda, ndugu wawili mbele ya mlango wa baba yao uliofunguka, wakisikia kwa mbali, kutoka upande wa ukuta mrefu, kiganja kikigonga mbao, kikitulia, kikigonga tena, hadi Bi Mize alipochoka kuwangoja, akapita katikati yao na kwenda kuwasha moto jikoni.