Futi Mia Nne za Faudhia

Nimechoka. Naanza na hilo ili usije ukaniuliza katikati mbona nasema kama mtu aliyetoka kulima. Miaka ishirini na sita narusha ndege ndogo kati ya Mtwara, Newala na Masasi, na tangu mwaka jana uchovu umenihamia machoni.

Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kufuata. Vitu vya mbali bado naviona, hata korosho zilizoanikwa uani nakuonyesha kutoka angani. Ila maandishi madogo yananichezea kama dagaa kwenye beseni. Hakuna aliyejua, hata mke wangu, mama Khalidi, nyumbani. Vipimo vya leseni vilikuwa mwezi unaofuata, na nilijua daktari akinimulika tu, basi, nimeshushwa. Upasuaji upo, watu wanapona, lakini kampuni gani itamsubiri rubani wa miaka sitini na miwili? Ningerudi kijijini Makote, huko Newala, kupulizia mikorosho salfa. Sitaki kurudi huko, nasema wazi.

Katikati ya hayo bosi wetu, Abdulazizi, akaniletea mtihani. Ndege yetu ya viti sita ina kioo kwenye dashibodi, ukubwa wa kiganja, kinachoonyesha njia ya kushukia uwanjani. Kimezeeka. Akauliza: tufunge kioo kipya kikubwa, au tuachane na vioo, kila rubani abebe kishikwambi chenye michoro yote ya kutua?

"Wewe ndiye mkongwe, Nurdini," aliniambia. "Andika maoni yako, mimi nitafuata."

Wiki tatu sikuandika hata herufi. Mdomoni sasa, wee! Nilikuwa hodari. Kioo kimekazwa kwa skrubu, hakianguki chini ya kiti. Kinakula umeme wa ndege, hakiishiwi chaji. Kiko mbele ya pua yako, huinamishi shingo. Na kishikwambi? Juzi tu pale Nachingwea kilisahauliwa juani kikajizima kwa joto, na Faudhia akawa anakipepea kwa daftari kama mtoto mwenye homa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Yote hayo ni kweli. Ila sababu yangu haikuwamo. Kioo nilikipenda kwa kuwa sikuhitaji kukisoma. Namba za kushukia Masasi nilizijaza humo mwenyewe miaka kumi iliyopita, na nimezihifadhi kama Alhamdu. Masasi ni mji uliozungukwa na vilima vya mawe matupu, na mawingu yakishuka vilima huvioni. Namba yangu ilikuwa hii: usishuke chini ya futi elfu tatu na mia mbili mpaka uvivuke. Kishikwambi kilikuwa kinaletewa michoro mipya kila mwezi, na kila mwezi natakiwa kubonyeza kwamba nimesoma. Nilikuwa nabonyeza tu.

Huyo Faudhia ni rubani msaidizi wangu, binti wa Masasi, umri wa kitinda mimba wangu. Alibakiza saini yangu tu awe rubani kamili. Ana akili, ana mkono mwepesi, na ana adabu mpaka inachosha. Hajawahi kukaa kabla sijakaa.

Asubuhi hiyo ya Februari tulitoka Mtwara na Dominika, muuguzi wa Lulindi, amepakata kasha la chanjo za Newala. Kufika Newala, wingu limelala juu ya uwanda wote, hata paa moja halionekani. Tukazunguka mara mbili, nikasema twende Masasi, Dominika atapata gari la kumrudisha Newala. Na Masasi nako wingu tele.

"Baba Khalidi, samahani," Faudhia akasema. Kishikwambi alikuwa amekifunga pajani kwa mkanda. "Mchoro huku unasema elfu tatu na mia sita. Kuna mnara wa simu umesimikwa juu ya kilima."

"Kioo kinasema elfu tatu na mia mbili."

"Mchoro ni mpya, baba. Ulitumwa mwezi jana."

Akakinyanyua nikione. Niliona mwanga mweupe na sisimizi weusi. Ningeweza kuyavuta maandishi kwa vidole viwili yakakua, kila mtu anajua hivyo. Lakini rubani mkuu anayevuta maandishi mbele ya msaidizi wake si amejianika? Nikajitia ukali.

"Kioo hiki nimekijaza mimi, wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule."

"Ndiyo, baba."

Akakirudisha kishikwambi pajani. Kwetu mtoto aliyelelewa anasema jambo mara moja. Mkubwa akilikataa, halirudii. Anaitikia, anaweka mikono mapajani, na liwalo na liwe. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyowalea wanangu, na Faudhia angerudia ningemwona mjeuri. Kwa hiyo nikaendelea kushuka ndani ya wingu. Elfu tatu na mia tano. Na mia nne. Kioo kimetulia, mstari wangu umenyooka, na mimi najiona bingwa.

"Panda!"

Hakusema baba. Hakusema samahani. Alipiga ukelele huku mikono yake miwili imeshaunyakua usukani, akauvuta kifuani na kusukuma moto wa injini mpaka mwisho. Injini ikanguruma. Wingu likapasuka kidogo chini ya bawa la kulia, nami vitu vya mbali si naona? Niliona vyuma vyekundu na vyeupe, na ngazi ya fundi, na pale juu kabisa taa inayowaka mchana kweupe. Kisha wingu likafunga.

"Bwana Yesu wangu!" Dominika alisema nyuma.

Kutoka hapo ndege alirusha Faudhia. Alizunguka upya, akisoma namba za kishikwambi kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mimi mikono mapajani. Tulitoka chini ya wingu njia ya kutua ndege ikiwa mbele yetu. Akatua vizuri, mimi nisingeweza kumkosoa hata ningetaka.

Dominika alishuka na kasha lake, akanitazama juu mpaka chini. "Baba Khalidi, ule mnara nimeuona mpaka nati zake. Siku ya kurudi mimi napanda basi." Nikacheka naye, nimejiegemeza kwenye bawa.

Alipoondoka, Faudhia akaja mbele yangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Tulikwishaamkiana Mtwara alfajiri. "Marahaba," nikaitika.

"Naomba radhi. Nimekupigia kelele mbele ya mgeni."

Lahaula! Mtu amekuokoa roho, halafu anakuja kukuomba radhi. Nikasema "Haya." Mpaka leo neno hilo linaniudhi.

Kwenye kampuni yetu ndege ikiponea chupuchupu kugonga kitu, fomu inajazwa siku hiyo hiyo na kutiwa saini na rubani mkuu. Nikamwambia ajaze yeye. Akaketi kwenye benchi la kibanda cha uwanja, akaandika kwa herufi zake ndogo za kistaarabu, akaniletea na kalamu.

"Nisomee," nikasema. "Miwani nimeisahau."

"Tulikuta wingu zito, tukapanda, tukazunguka, tukatua salama."

"Ni hayo tu?"

"Ndiyo, baba."

Akaenda kuifunga ndege kamba. Mimi nikabaki na ile "ndiyo, baba" sikioni. Nilikwishaisikia mara moja siku hiyo, na nilijua ilitupeleka wapi. Karatasi ilikuwa na mistari sita, yeye amenisomea kama miwili. Kishikwambi chake kilikuwa pale kwenye benchi. Nikakichukua, nikaipiga picha fomu, nikaweka vidole viwili juu ya kioo chake na kuvuta. Herufi zikakua, zikawa kubwa kama za kwenye kibao cha duka. Nikasoma.

"Rubani msaidizi hakumjulisha rubani mkuu mabadiliko ya mchoro. Kosa ni la rubani msaidizi." Chini yake, jina lake lote, Faudhia Nasibu, na saini.

Moyo uliniuma, nakwambia. Fomu ile ikifika Mtwara, huyu mtoto harushi tena, na urubani kamili ndio ausahau. Anajua. Ameandika hivyo hivyo ili mimi nisiaibike. Nami nakiri, kwa kuwa nimechoka na uongo pia: kalamu niliigusisha kwenye karatasi. Niliwaza mwezi mmoja zaidi angani, pengine miwili. Kidoa cha wino kipo mpaka leo kwenye fomu hiyo, ninayo nyumbani.

"Faudhia! Lete fomu nyingine."

Akaja mbio, akaona picha iliyovutwa kwenye kishikwambi, akainamisha kichwa.

"Kaa. Andika ninavyokwambia. Rubani mkuu aliambiwa, akakataa."

"Baba Khalidi..."

"Andika. Rubani mkuu alibonyeza kwamba amesoma mchoro, naye hakusoma. Rubani mkuu haoni maandishi."

Kalamu yake ikasimama. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniangalia machoni moja kwa moja, kwenye lile jicho lenye ukungu.

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka jana."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta, akaandika. Alipomaliza nikaipiga picha na hiyo, nikavuta herufi, nikaihakiki neno kwa neno. Safari hii ilikuwa sawa. Nikatia saini yangu kubwa kuliko nafasi waliyoniachia, kisha nikampigia Abdulazizi.

"Tuma rubani mwingine Masasi," nikamwambia. "Mimi sioni. Yote yamo kwenye fomu inayokuja, na fomu ya kumpandisha Faudhia cheo naitia saini leo hii kabla leseni yangu haijaondoka."

Yule bwana ni mtu mzuri, ila kichwa chake hakiachi kazi. "Pole sana, Nurdini," akasema. "Na yale maoni yako je? Kioo au kishikwambi?"

"Muulize Faudhia. Na akikwambia kitu umsikilize hapo hapo, kwa sababu mara ya pili hasemi."

"Nitasema," Faudhia akasema pembeni yangu, kwa sauti iliyofika Mtwara bila simu. "Nitasema hata mara ya tano."

Nikakata simu, nikampa ufunguo wa ndege, nikaenda stendi kumtafuta Dominika. Kumbe gari la Newala lilikuwa bado halijajaa, nikapanda nikakaa kando yake.