Mtu Mzito wa Kwemkulo

Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, kengele ya pili haijapigwa, Klara alikuwa ameshafunga watu kumi na tisa. Alikuwa anawafunga kwa kamba ya mgomba, ile ya kuanika na kusokota, ncha moja kiunoni, ncha nyingine kwenye mguu wa benchi. Mtu anaingia kanisani mifuko imejaa mawe, anakaa, Klara anapiga fundo, anaenda kwa mwingine. Fundo lenyewe ni lile la kufungia mbuzi: halimbani, na akivuta halifunguki. Mzee mmoja tu ndo alilalamika kwamba lake limelegea, na kweli, makalio yalikuwa yameshaachana na benchi kama kiganja hivi.

"Kaza, Mama Mika. Leo nina hakika kuliko wiki iliyopita."

"Nimekaza, baba. Ila usicheke, ukicheka unapanda."

Alipomaliza alienda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, peke yake. Yeye hakujifunga. Hakuwa na haja.

Mambo yalianza hivi. Mwaka watu walipohamishwa kutoka kwenye migongo ya milima kuja kukaa pamoja kijiji cha ujamaa, surua ikaja nayo ikakaa pamoja nao. Mika, mtoto pekee wa Klara, akashikwa. Alikuwa na miaka saba. Klara alikuwa mjane, hana wa kumuuliza, akamuuliza Mwinjilisti Nikodemo. Mwinjilisti akaja na wazee wa kanisa, wakaomba, kisha akamwambia asimpeleke mtoto hospitali Lushoto, maana kumpeleka ni kama kumwambia Mungu hatukuamini. Cha kufanya ni kuwa na hakika. Klara akawa na hakika. Siku ile hakuna mtu Kwemkulo nzima aliyekuwa na hakika kama yake. Siku ya tatu Mika akafa.

Makaburini, kabla udongo haujarudishwa, Klara akasema, "Mwinjilisti, sote tulikuwa na hakika. Sasa imeenda wapi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza jembe liko wapi. Jumapili iliyofuata akatengwa. Mtu akitengwa hapewi Meza ya Bwana, anakaa nyuma, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu na kutubu. Wa Klara haukuwa mzigo mkubwa, wazee walisema. Atasimama mbele, atasema maneno mawili, "Nina hakika," atarudishwa kundini.

Hakuyasema. Basi wengine wote wakasimama mmoja mmoja wakayasema wao, ili ionekane hawako kama yeye. Mwinjilisti alisema wa kwanza, na alipofika kwenye "hakika" viatu vyake vikaachana na sakafu. Akafuata mzee wa pili, akafuata mama wa kwaya. Mpaka baraka inatolewa, kanisa zima lilikuwa juu, vichwa vinagonga bati. Walishuka kwa kushikana miguu.

Hakuna aliyeshtuka sana. Kule ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria, watu wamezoea vitu kukaa hewani. Wakajifunza kubeba mawe. Wakajua kwamba watoto wachanga hawaelei, maana hawana hakika na chochote ila titi. Na wakajua Klara haelei, wakasema si tulisema.

Kazi ndo ikawa shida. Bwana shamba, kijana wa Tanga anaitwa Kibwana, alipanda mlima kuja kukagua shamba la ujamaa. Akakuta watu thelathini wamefungwa kwenye visiki, wanaelea juu ya matuta, majembe yanafyeka hewa. Chini alikuwepo Klara peke yake, anachimba viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kibwana akainua shingo. "Mwinjilisti, hawa wako kazini au hawako?"

"Wako," Nikodemo akajibu kutoka juu. "Wako kwa roho."

"Mzee wangu, wilaya inataka viazi. Roho haijaagiza."

Wale wa juu wakacheka, wakapanda kidogo. Kibwana naye alikuwa na safari ndefu ya kurudi, akaandika wote wako, akateremka.

Klara akaendelea. Na akiwa anachimba alikuwa anaongea na Mungu, kwa Kishambaa, maana Kiswahili aliona ni cha mikutanoni na kanisani. Zamani sala zake zilikuwa kama salamu za njiani, mtu unaitikia huku umeshapita. Sasa alikuwa anauliza swali, anasimama, ameegemea jembe, anasikiliza. "Muungu, sijui kama uko. Kama uko, mimi niko hapa, tuta la tatu." Anasubiri. Hapati kitu. Anahamia tuta la nne, anauliza tena kwa namna nyingine. Alimwambia mambo ambayo mtu hamwambii hata mumewe. Siku moja alimtukana, halafu akakaa kimya mchana kutwa kuona itakuwaje. Jioni akamwaga maji ya kunawa, akasema, "Haya, kesho basi." Tangu azaliwe hakuwahi kuongea naye hivyo.

Jumatano kabla ya Pasaka alimpelekea viazi Rahabu, mke wa kaka yake. Kaka mtu alikuwa mashamba ya mkonge huko chini ya Mombo, anarudi mara mbili kwa mwaka. Klara akakuta mlango wazi. Kitandani amelala Dina, mtoto wa Rahabu, miezi kumi na minne, macho mekundu, anakohoa kikohozi kikavu, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Hakuhitaji kuambiwa. Akainua kichwa. Rahabu alikuwa darini, mgongo umegusa boriti, na pembeni yake Mwinjilisti na wazee wawili, wameombea mpaka wamepanda, mashuka yao ya baridi yamechafuka masizi.

"Mwache mtoto, Mama Mika," Nikodemo akasema kwa upole. "Tuna hakika."

"Najua," Klara akasema.

Akamchukua Dina, akamweka mgongoni, akafunga kanga, mfuko wa viazi akaurudisha mkononi, wa kula huko. Darini hakuna aliyeweza kushuka kumzuia. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Rahabu, ndogo.

"Wifi."

"Naam."

"Mfunike kichwa. Kuna manyunyu."

Alivyosema hivyo Rahabu akashuka kama mkono mmoja hivi, vidole vya miguu vikakaribia blanketi.

"Rahabu!" mzee mmoja akaita. Rahabu akafumba macho, akapanda tena.

Kwenda Lushoto ni mwendo wa saa nne kwa mtu asiye na mzigo. Njia inakata msituni, na siku ile ukungu ulikuwa mzito mpaka mti unauona ukiwa umeshaugusa. Klara alikuwa anatembea anaongea. "Sijui kama unanisikia. Lakini ninatembea. Ukisikia, sikia. Usiposikia, mimi nitakuwa nimeshafika."

Kwenye kona ya kwanza ya msitu aliyakuta maswali yake. Yalikuwa yamekaa kando ya njia, kila moja kwenye jiwe lake, kama watu wanaosubiri mvua ipite. Yote aliyouliza shambani yalikuwepo, na yale ya nyumbani, hata lile la matusi. Yalipomwona yakasimama, yakajipangusa matope, yakaingia njiani pamoja naye. Yalikuwa mazito. Yakikanyaga, udongo unaitika. Moja likampokea mfuko wa viazi. Lingine likatangulia kusukuma matawi yaliyolowa. Hayakuongea, na yeye hakuyaongelesha, maana njia ilikuwa inateleza na mtoto alikuwa anakohoa.

Penye mteremko mkali, mahali ambapo hata mbuzi huwa wanafikiria kwanza, mguu ukamponyoka. Mkono ukamshika kiwiko. Akatazama, akaona ni lile swali la makaburini, la zamani kuliko yote. Halikuwa na jibu. Lilikuwa na mkono. Likamshika hivyohivyo mpaka chini, na msitu ulipoisha, bati za mjini zilipoanza kuonekana, yote yakabaki nyuma bila kuaga.

Nesi alikuwa mama wa makamo, ana mafua. Akamsikiliza Dina kifua, akamchoma sindano, akampa dawa ya macho, akaandika kwenye kadi. Usiku ule homa ilipanda, alfajiri ikashuka. Ijumaa Kuu mtoto akanyonya uji kwenye kijiko.

"Umefanya vizuri, mama, umemleta mapema," nesi akasema. "Hawa wakiletwa mapema wengi wanapona. Wangu wawili walipita hukuhuku, wakapona."

Klara akaitikia kwa kichwa. Akatoka nje mpaka kwenye bomba, akafua kanga iliyotapikiwa. Ilishatakata, akawa bado anafua. Baadaye akaikamua, akasimama nayo mkononi inachuruzika.

"La Mika nitakuuliza," akamwambia Mungu. "Usidhani nimesahau. Ila sasa hivi, la Dina, ahsante."

Alikuwa hajasema ahsante tangu mwaka uliopita. Ilitoka vizuri tu.

Jumamosi alasiri alikuwa amesharudi Kwemkulo, mtoto amesharudishwa kwa mama yake, ndipo Mchungaji Sefania alipobisha hodi kuomba maji. Mchungaji alikuwa anakuja mtaa ule mara nne kwa mwaka kugawa Meza, anapanda kwa miguu kutoka barabarani, na alikuwa anavaa mabuti makubwa ya kijeshi. Watu walikuwa wanasema bila mabuti yale mchungaji angeshafika mbinguni zamani. Yalikuwa yamelowa chapachapa. Klara akasema, "Vua nikaushie," na mchungaji, kwa uchovu, akavua.

Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, soksi zinatoa mvuke. Hakupanda. Klara akaitazama miguu yake, mchungaji naye akaitazama.

"Mchungaji, hujafungwa kamba."

"Sijafungwa."

"Mfukoni?"

"Leso."

"Tangu lini?"

"Tangu chuoni, mama," mchungaji akasema. "Mwaka wa pili."

Klara akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Mika afe. Mchungaji naye akacheka kidogo, bila sauti, anaangalia mlango.

"Na bado unaomba?"

"Kuliko zamani. Zamani nilikuwa namwambia. Siku hizi namuuliza."

"Mimi hivyohivyo." Akamwongezea maji. "Basi kesho nipe Meza, baba. Nina njaa nayo. Sikufichi, nina njaa nayo kuliko nilivyokuwa na hakika."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Useme tu maneno mawili. Wazee ndo wamepanga."

"Wewe ulishayasema?"

Akavuta mabuti, akayavaa yakiwa bado mabichi, akashukuru kwa maji.

Pasaka kanisa lilijaa. Klara alifunga watu sabini na mbili. Rahabu alikaa mstari wa tatu, Dina mapajani, na uzito wa mtoto ulikuwa unamweka chini vizuri, Klara akapiga fundo moja badala ya mawili. Rahabu hakumtazama usoni. Alimshika tu kidole gumba, akakiachia.

Mwinjilisti akasimama kwenye kamba yake. "Wapendwa, mnamwona mtoto huyu. Alikuwa anakufa. Tulimwombea kwa hakika, na Bwana amemponya."

"Amina!" Kamba sabini na mbili zikakaza kwa pamoja, mabenchi yakalia. Rahabu alisema amina kama wengine.

"Na leo ni siku ya ufufuo, mlango uko wazi. Klara, njoo mbele."

Klara akaja. Viatu vyake ndo vilisikika peke yake kanisa zima.

"Una hakika?"

Akafikiri. Neno lilikuwa fupi, na mkate ulikuwa pale, umefunikwa kitambaa cheupe, angeweza kuugusa akinyoosha mkono.

"Sina," akasema. "Namwamini. Naongea naye kila siku, na nitaendelea. Hakika ndo sina."

"Sisi tunataka maneno mawili tu, Mama Mika."

"Hayo ndo nisiyonayo, Mwinjilisti."

Nikodemo akamgeukia mchungaji. Mchungaji alikuwa anapanga vikombe. Alivipanga, akavipanga tena.

"Rudi nyuma," Nikodemo akasema.

Lakini hakurudi moja kwa moja, kwa sababu ya ngazi. Watu wakikaribia kupokea walikuwa wanazidi kuwa na hakika, kamba zinavutika mpaka mwisho, na mchungaji ilibidi apande ngazi kuwafikia midomo. Ngazi inataka mtu mzito wa kuishika chini. Klara akaishika. Mchungaji akapanda, buti moja, buti la pili, akaanza kugawa juu ya kichwa chake, anasogea benchi hadi benchi, na yeye anasogeza ngazi. Klara aliinua macho mara moja. Hakuna hata chembe ya mkate iliyodondoka.

Wazee walikaa kikao palepale, hewani. Wakaamua Klara aendelee kutengwa mpaka atakapopata hakika, na aendelee kufunga watu na kushika ngazi, maana mwingine hayupo. Karani akaandika.

Klara akaweka ngazi ukutani, akarudi benchi la nyuma. Juu walikuwa wanaimba wimbo wa Pasaka, bati linarudisha sauti, ukungu unaingia mlangoni taratibu. Akainama, akasema polepole kwa Kishambaa, "Muungu, leo tuanze na huyu mchungaji wako." Kisha akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake akae, na benchi likabonyea upande ule mwingine.