Zulia Jipya la Pijo ya Mzee

Mume wangu Kiema hajui kudanganya. Kwa mke hilo ni jambo zuri, lakini kwake mwenyewe ni balaa, kwa sababu halimzuii kujaribu. Wiki ile aliyoamua kubadilisha zulia la gari la baba yake, alianza kuamka kabla yangu na kwenda kuchota maji. Alileta sukari nyumbani bila kuagizwa. Jioni alitoka dukani na soda ya mzee, akamfungulia, akamshikisha chupa kwa mikono miwili. Nikajua huyu ana jambo.

Nilimbana jikoni.

"Baba Mbinya, hebu sema. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Basi unataka kufanya nini?"

Akachungulia mlangoni, kisha akanong'ona. Kulikuwa na mtu anaitwa Shee, mwenye hoteli kule Mtito Andei. Alipita hapa Sultan Hamud akaiona Pijo ya mzee imesimama uani, kando ya duka letu, akaipenda papo hapo. Alitaka gari la zamani la kubebea maharusi. Yeye alikuwa na pikapu nzima isiyo na kasoro, na alikuwa tayari wabadilishane, hii kwa ile. Sharti lake lilikuwa moja tu: gari litengenezwe sakafu, maana hakuna bibi harusi atakayekanyaga zulia kama lile na gauni jeupe.

"Na mzee amesema nini?"

Kiema akashika sufuria iliyokuwa safi akaanza kuisugua.

"Nitamwambia pikapu ikishafika. Mama Mbinya, mimi nabeba simiti ya duka kwa mkokoteni, watu wote wananiona! Na mzee haendeshi. Macho hana. Atakaa tu kwa pikapu, atazoea."

Niliona aibu kwa niaba yake. Yeye pia aliona, maana aliendelea kusugua.

Mgeni asiyejua nyumba yetu angeweza kumpa Kiema haki. Gari ni la nini kwa kipofu? Lakini sisi tulijua. Mzee Muli alikuwa mwinjilisti. Pijo 404 ile aliipata akiwa bado na nguvu, na kwa miaka mingi alihubiri nayo kutoka hapa, kupita Emali na Makindu, akakata pale Kibwezi kwenda hadi Ikutha. Alibeba vitabu vya nyimbo, wagonjwa, kina mama wenye uchungu, na mara moja mbuzi wa mahari aliyekula kifuniko cha kiti. Alipopofuka hakuliacha gari. Kila siku baada ya chakula alishika ukuta wa nyumba, akaufuata hadi kwenye gari, akavua viatu na kuvipanga nje ya mlango, akaketi nyuma ya usukani. Tangu zamani aliendesha miguu mitupu. Alisema mtu akivaa viatu hasikii gari linataka nini. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimechimba tundu kwenye zulia, chini ya kikanyagio cha mafuta, na humo ndimo kilimokaa.

Hakuwa akicheza. Alikuwa akiomba. Mkono wake ulihamisha gia pale kwenye usukani, na midomo ikitaja watu kwa majina, nyumba moja baada ya nyingine, kama zilivyofuatana barabarani. Akipita Emali alimwombea Kalunde na mguu wake. Akifika Kibwezi alimwombea Ndululu aache pombe, maombi ambayo Mungu alikuwa bado anayafikiria. Akifika Ikutha alisema amina, akavaa viatu, akatoka.

Mnaweza kuuliza kwa nini mimi sikumwambia. Kwetu Ukambani mke wa mtu na baba mkwe wana nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Nampa chakula, namsalimu nikiangalia pembeni, na mambo ya kumshtaki mwanawe si ya kutoka kinywani mwangu. Nilichoweza ni kumsumbua Kiema, na kazi hiyo niliifanya vizuri.

Fundi Othman alikuja hapa nyumbani na cherehani yake. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, lakini yeye amezaliwa hapa sokoni na anaongea Kikamba kuliko watoto wangu. Alifungua nati za viti vya mbele, akavitoa nje, vikakaa uani vikitazamana na kuku. Akang'oa vile vibati vya mlangoni vinavyobana zulia, kisha akaanza kulivuta. Lilitoka kwa vipande na vumbi jekundu, na chini yake gunia lililokuwa limelowa mvua za miaka yote. Lakini pale kwenye tundu la kisigino, bati lilikuwa limesuguliwa likang'aa.

"Aii, huyu mzee ametembea!" Othman akasema.

Mzee Muli alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu, kichwa kimeinama upande, akisikiliza gari lake likivuliwa.

"Mnafanya nini, Kiema?"

Nilisimama na ungo wangu wa mbaazi. Nikasema moyoni, sasa, baba Mbinya. Mlango umefunguliwa, ingia.

"Tunakuwekea kapeti mpya, baba," Kiema akasema. "Ukae vizuri."

Mzee aliinua kichwa. Kisha uso wake ukafunguka wote.

"Ni muvea," akasema, yaani asante. "Ni muvea muno, mwanangu."

"Vijana wa hivi ni wachache siku hizi," Othman akaongeza, mdomoni amebana chaki. Hakujua lolote, maskini. Kiema aliinama akaanza kukwaruza kutu kwenye sakafu kwa nguvu hata fundi akamwambia apunguze, asije akaitoboa.

Walipaka rangi ya kuzuia kutu, wakaiacha ikauke. Othman alikunjua vipande vya zulia la zamani juu ya karatasi za kaki, akachora ukingo wake kwa chaki, kila kona na kila shimo la nati, akakata zulia jipya kwa kufuata michoro hiyo. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, nene. Akalishona ukingo, akapaka gundi, akalibandika akilisukuma kwa magoti kutoka katikati kwenda pembeni lisifanye mikunjo. Tundu la kisigino hakulifuata. Fundi gani angelichora? Kitambaa kikabaki, na Kiema akamwambia amalizie nyuma, kwenye buti. Vipande vya zamani nilivitandika kwenye kibanda cha kuku.

Viti viliporudishwa, mzee aliomba kuliona. Kuliona kwake ni kwa mikono. Alipiga magoti mlangoni akalipapasa zulia mbele, akapita nyuma, akazunguka gari akishika bati. Akafungua buti. Mkono wake ukaingia, ukasimama.

"Hata huku?"

"Hata huko, baba," Kiema akasema.

"Limeenea vizuri," mzee akasema, na akafunga buti taratibu.

Siku hiyo aliketi kwenye Pijo muda mfupi. Niliona kisigino chake kikitafuta mahali pa kukaa, kikiteleza huku na huku. Hakulalamika. Kiema pia aliona. Hakula jioni ile, akasema ni tumbo.

Jumapili tulipotoka kanisani, mzee aliagiza kuku achinjwe na watoto wote wawepo. Baada ya kula akamwita Kiema asimame mbele yake. Nilidhani ni maombi, nikafumba macho. Nilipofumbua, mzee alikuwa amemfungua mwanawe vifungo viwili vya shati, na akamtemea mate kifuani, yale mate membamba ya baraka ya wazee wetu wa zamani. Nilishtuka. Mzee Muli, mhubiri, ambaye maisha yake yote alituambia mambo hayo tuyaache! Akayapangusa kwa kiganja, akasema:

"Ulichoshika kikae. Unakokwenda kufunguke. Mimi sina neno na wewe."

Kila Mkamba anaogopa laana ya mzazi. Siku ile nilimwona mtu akiogopa baraka. Kiema aliondoka na shati wazi. Alikwenda nyuma ya choo, nikamfuata, nikamkuta amelowa machozi na makamasi kama mtoto.

"Nimeiiba," akasema. "Hii baraka nimeiiba, mama Mbinya. Itanigeukia."

"Basi nenda umwambie sasa hivi."

"Shee anakuja kesho. Nimeshampa neno langu."

"Na baba yako umempa nini?"

Niliporudi uani mzee alikuwa ndani ya Pijo, viatu nje. Alikaa sana siku hiyo. Midomo yake ilikwenda polepole mno, na mara kwa mara aliinua mkono kutoka kwenye usukani, akaushusha.

Jumatatu asubuhi nilisikia kuku wakipiga kelele. Kiema alikuwa ndani ya kibanda na kisu changu cha jikoni, akikata kipande cha zulia la zamani chenye lile tundu. Alikikung'uta, akakisugua kwa maji, akakitandika chini ya kikanyagio cha mafuta, juu ya lile jipya. Kilionekana vibaya. Kilinuka kuku. Lakini nilimpenda, siwezi kudanganya. Nilidhani hicho ndicho kitamfungua kinywa.

Mzee hakungoja chakula siku hiyo. Alikuja mapema, akavua viatu, akaketi. Kisigino kikashuka, kikaingia shimoni mwake. Akatulia.

"Hiki kiraka ni cha nini?"

"Nilitaka mguu wako upate mahali pake, baba."

"Kitoe," mzee akasema bila ukali. "Mwenye kuchukua gari atakikataa."

Kiema alishika mlango. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo, nikaitua chini.

"Unajua?"

"Nilijua nilipogusa buti. Mimi nakaa hapa mbele, Kiema. Nani anamwekea kipofu kapeti kwa buti?"

Ndipo mume wangu alipopiga magoti kwenye vumbi na kusema yote: Shee, pikapu, simiti, uongo wake siku ya fundi. Alisema yuko tayari kumrudisha mtu huyo. Akaomba msamaha mara nyingi hata maneno yakagongana. Mzee alimsikiliza mkono ukiwa juu ya gia.

"Nilikusamehe jana," akasema. "Nilikutemea mate nikijua."

Mara tukasikia pikapu ikipanda kutoka barabara kuu. Kiema aliinuka akakimbia hadi langoni. Nilimsikia akimwambia Shee kwamba maneno yamekwisha, gari si lake yeye kulitoa, alikosea. Shee alikasirika, na alikuwa na haki. Amechoma mafuta kutoka Mtito Andei, na harusi ya kwanza alikuwa ameshaikubali. Alimwita mtu asiye na neno mbele ya majirani wote, na Kiema akaitikia, "Ni kweli, bwana Shee, ni kweli," hadi pikapu ikageuka na kuondoka.

Alirudi anahema, uso umelegea kwa furaha. Tangu wiki hiyo ianze sikuwa nimeuona uso huo.

"Baba! Nimemrudisha. Gari ni yako. Haiendi mahali."

Lakini mlango wa Pijo ulikuwa wazi na kiti kitupu. Mzee alikuwa ameufuata ukuta hadi kwenye kigoda chake, ameketi juani.

"Sawa," akasema. "Itumie kubebea simiti yako."

"Hapana, baba. Rudi ukae. Hata hicho kiraka kimo bado."

Mzee alitikisa kichwa.

"Jana nilikwenda hadi Ikutha. Nilisimama kila nyumba nikawaaga. Kalunde nilimuaga, Ndululu nilimuaga, wote. Niliwaambia gari inatoka na sitapita tena. Sasa nirudi niwaambie nini?"

Kiema alimwangalia, akaangalia gari. Mzee alinyoosha miguu yake juani. Viatu alikuwa ameshavivaa na kuvifunga kamba.