Kushoto Kumerudi

...na wapiga tarumbeta hawa nao, bonde zima la Surkhet hawakuona pa kupita ila hapa kando ya uwanja, saa hii, Tulasa ameshapiga goti na gongo la kriketi liko chini, masikio ameyatega, mara mwamuzi anapaza sauti simameni, hakuna kurusha mpaka harusi ipite, na ni kweli, mpira una gololi za chuma tumboni na asiyeona kama yeye anaucheza kwa mchakacho wake, nani atausikia kwenye makelele haya, piteni basi, bwana harusi hana haraka?... lakini moyoni anaomba wakae huko huko barabarani wapulize mpaka jua lizame, maana wakishapita, Hikmata, mrushaji kule mbele, atauliza yuko tayari, naye atajibu ndiyo, mpira utakuja ukichakacha chini chini, na hapo ndipo itajulikana kama sikio la kushoto limepona kweli au limepona mdomoni mwa daktari tu. "Dada Tulasa," Jasu anamchokoza nyuma ya wiketi, Jasu na mdomo wake, "simama kidogo, utaota mizizi hapo." "Ngoja uone, leo nitakuchosha kwa kuokota mipira." "Kwa sikio lipi?" Wanacheka wote, na yeye anacheka, lakini lile neno limemchoma, kwa sikio lipi, kweli, kwa sikio lipi... lilianza kuuma wakati wa mvua, mama mkwe akaponda kitunguu saumu, akakichemsha kwenye mafuta ya haradali, akayaacha yapoe kidogo, lala ubavu, mwanangu, kesho utaamka mzima, na nani angekataa, si ndivyo kila mama wa huku anavyofanya, angejuaje mtu kwamba ngozi ya ndani ilikuwa imeshatoboka, mafuta yakapita, usaha ukaja, kushoto kukafungwa kama mlango. Dunia yote ikahamia kulia. Jogoo kulia, bomba la maji kulia, mumewe akiingia kwa mlango wa kushoto anaongelea kulia, na Junu, Junu wake ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema, anaita "Mama!" uani, Tulasa anamfuata anakomsikia, paji la uso pwaa kwenye nguzo ya kukaushia mahindi, mtoto anacheka, anadhani ni mchezo, "Mama, huku!", Tulasa anageuka, siko, anageuka tena, siko, anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa... kisha siku moja Junu akaacha kuita. Akawa anakuja tu kimya kimya, anavuta sketi. Mtoto mdogo vile ameshaelewa kwamba huyu mama haitiki, na hilo ndilo lililomliza usiku, wala si kriketi, kriketi ni nini, wangemtoa timuni angelima mboga zake, lakini mtoto aliyeacha kukuita utamfanya nini?

Mama mkwe hakujitetea, alifunga wali na achari ya figili kwenye kopo, akampandisha basi mpaka Nepalganj, bonde baada ya bonde akimshikilia kichwa kisigonge dirisha, na hospitalini akamuuliza daktari maswali mpaka daktari akavuta kiti akakaa. Sauti ya kushoto, mama, hugonga sikio la kushoto kwanza, ndipo ifike la kulia, tofauti yake ni ndogo mno, hakuna saa ya ukutani itakayokuonyesha, ni upana wa kichwa tu, lakini ubongo unaipima hiyo tofauti na kusema, yuko pale. "Yaani kama habari imefika kwetu kabla ya kwa jirani, najua imetokea upande wetu?" Hivyo hivyo, mama. "Na jirani akiwa amelala?" Basi hujui imetokea wapi. "Haya, mwamshe jirani," akasema bibi yule, na wodi nzima ikacheka, na ngozi ikashonwa, na tangu hapo kila akimwosha nywele anaziba sikio kwa kiganja chake mwenyewe lisiingie tone... asante, mama, sijawahi kukuambia, mkono ulioniumiza ndio ulionibeba, na sina kinyongo, nilikuwa nacho, sasa nakitafuta, sikipati... loo, ngoma kubwa ya harusi iko wapi? Ilikuwa kulia, kulia kabisa, halafu imepita hapa mbele ya pua, na sasa inakwenda, inakwenda kushoto, Mungu wangu, inakwenda kushoto, tarumbeta nyuma yake, watu wanaocheza nyuma ya tarumbeta, harusi nzima inatembea, haijakaa mahali pamoja, piteni taratibu, jamani, msiharakishe, bwana harusi ana haraka gani, asanteni, asanteni kwa makelele yenu...

"Mama!"

Uso umegeuka kabla hajaamua kuugeuza. Kushoto, ukingoni, karibu na jiwe la kukalia.

"Umeona, Junu?" Ni sauti ya mama mkwe. "Umeona? Mama amekutazama."

Tarumbeta zinaishia kwenye kona. Mwamuzi anaomba kimya.

"Tayari?" Hikmata anauliza.

"Bado," anasema Tulasa. "Mtoto wangu ananiita."