Tenga Bila Ngata

Kama Faraja angekuwa na akili timamu, angemwonyesha mama yake ile sanamu aliyoichomelea, ya urefu wa mita nne, kabla haijasimikwa ukingoni mwa mto. Lakini fundi naye ana kiburi chake, akataka kumshangaza. Sasa njia ya sanamu, iliyopangwa kazi za mafundi kando ya mto, ilikuwa inafunguliwa kesho, na leo ndiyo kwanza mama yake, Bi Winfrida, ameshuka na lori la mboga kutoka Mgeta. Mama akisema hapana, Faraja ataing'oa. Alikuwa ameshaapa.

Walianzia darajani, na mama hakuwa na haraka. Aliizunguka baiskeli ya chuma iliyozidi nyumba kwa kimo, akauliza mwenye miguu ya kuiendesha anakula nini. Mbele ya kinyonga wa vipande vya vioo alijitazama, akafunga kilemba upya. Gunia la mpunga lililofinyangwa kwa saruji, kazi ya Yunusi wa Dakawa, alilipigapiga kama mnunuzi. "Limejaa," akasema. Yunusi, aliyekuwa akilimalizia rangi, alicheka mpaka brashi ikamponyoka.

Wakakata kona, na hapo alisimama Bi Winfrida wa chuma, shingo wima, tenga la kabichi kichwani, milima ya Uluguru nyuma yake.

Mama akaizunguka mara moja, akaizunguka tena.

"Ni mimi," mama akasema hatimaye. "Hata paji la uso ni langu. Ila huyu ataumia."

"Ataumia nini, mama?"

"Ngata iko wapi? Tenga limekaa juu ya fuvu, kavu kavu! Kutoka kwetu mpaka barabarani ni saa mbili, mwanangu. Usipoviringa kitambaa ukakiweka chini ya mzigo, hata njia panda hufiki."

Miezi saba Faraja alichomelea mishipa ya shingo, vidole, kabichi jani kwa jani, na kitu ambacho kila binti wa Mgeta anakijua kikampita. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akasema atamwita mwenye ngazi sasa hivi, walishushe tenga, na wageni wa kesho wasubiri.

"Nimesahau, mama. Nisamehe."

"Hujasahau. Mtu husahau alichowahi kukijua." Bi Winfrida akaketi kwenye ukuta wa mto, akanyoosha miguu. "Wenzako walipoanza kubebeshwa, wajomba zako walinisema sana. Eti nakulea kama yai. Nikawajibu, huyu atabeba madaftari. Nikabeba fungu langu na lako."

Faraja alijaribu kukumbuka uzito wowote kichwani mwake, asiupate. Alichokumbuka ni mama akitoka mlangoni na tenga, naye akimwangalia kutoka chini, kwa kimo cha mtoto, mahali ambapo ngata haionekani. Akaketi karibu na mama, akamshika mkono, ule wenye sugu.

"Asante, mama," akasema. "Basi niiweke ngata?"

"Wala usiiguse. Watu wa kwetu watapita hapa, watatazama juu, watacheka. Watasema, aliyetengeneza hii hajawahi kujitwika hata siku moja." Bi Winfrida akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Hayo ndiyo nataka wayaseme."